Aliyetia Tiki Asirudi

Asubuhi hiyo mwanamke aliyepotea alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma, amewasha boila na kuhesabu mataulo ya hospitali. Ndivyo ilivyosema tableti ya kaunta. Kila kazi ilikuwa na tiki yake, na kando ya kila tiki kulikuwa na neno moja: Mama.

"Unaona, afande?" binti yake alisema. "Mtu aliyekufa hatii tiki."

Mpelelezi alitafuta kiti kwa macho. Kituoni walimwita Kobe, kwa shingo yake fupi na kwa mwendo wake, na alishaacha zamani kukasirika. Alivuta kiti, akaketi, akaisogeza tableti karibu na miwani.

Ilikuwa dobi ya kazi kubwa, inayofulia hoteli na hospitali. Mbele kulikuwa na kaunta, nyuma yake ukumbi wa mashine, na chini ya vyote viwili chumba cha pampu. Leo mashine zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya Kobe. Mashuka yalining'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na kila feni lilipoyageukia yalijaa upepo yakasimama kama watu, kisha yakalegea. Kobe alikuwa amechagua kiti kinachoyapa mgongo.

Mwenye dobi, ambaye wafanyakazi wote walimwita Mama, alionekana mara ya mwisho Jumatatu moja adhuhuri akipita kati ya mashine. Hii ilikuwa wiki ya pili. Simu yake haikupatikana tangu siku ile. Mkoba wake ulikuwa bado kwenye msumari nyuma ya kaunta, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuugusa.

"Nieleze hiki kitu kinavyokwenda," Kobe alisema. "Nieleze kama unamweleza mjinga."

Binti alizunguka kaunta akasimama begani kwake. "Hii ni app ya kuandikia mambo. Kazi zote za dobi ziko humu, pamoja, kama nguo chafu kwenye kapu moja. Halafu kila mtu ana chujio lake. Ukigusa hapa, Za Leo, zinakuja za leo tu. Hapa Za Baba, za gari. Hapa Za Moshi, za boila na mabomba. Kapu ni lile lile, unachagua tu cha kuona."

"Na kazi ikitiwa tiki?"

"Inatoweka kwenye chujio. Mama hakupenda kuona kilichopita."

"Inakwenda wapi?"

"Haiendi popote. Imefichwa tu."

Kobe alitikisa kichwa. Wenzake waliomtangulia kwenye jalada hili walikuwa wameomba kazi ambazo Mama hakuzimaliza. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: kazi isiyo na tiki ndiyo aliyokuwa akiiendea. Wakakuta ya kupeleka mapazia ng'ambo ya mto. Basi wakapekua mto, kingo zote mbili, wakaleta na mbwa. Walipata kiatu cha mwanamume na baiskeli iliyooza. Chumba cha pampu walikimulika tochi kutoka kwenye ngazi, wakaona mapipa, wakapanda.

"Dawa ya kung'arisha mmeagiza mara ngapi mwezi huu? Naiona hapa, na hapa tena."

"Inaisha kama inanyweka. Mama hayupo, nani wa kuwasimamia?"

"Usinisingizie, bosi mdogo," sauti ilisema kutoka mlangoni. "Mimi ninakunywa chai tu."

Aliyeingia alikuwa fundi wa boila, mwanamume mwembamba mwenye kope zilizoungua. Walimwita Moshi. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Na wewe unasemaje?" Kobe alimwuliza. "Mama yuko wapi?"

"Afande, mwanamke mzima akiondoka si kupotea. Huenda amechoka kufua uchafu wa wenzake. Si ndiyo huyo anatia tiki? Yuko mahali amekaa, miguu juu, anatuchungulia."

"Moshi, funga mdomo," binti alisema.

"Nimefunga."

"Jumatatu ile adhuhuri ulikuwa wapi?" Kobe aliuliza.

"Juu ya paa. Bomba la kutolea moshi liliziba."

"Nani alikuona?"

"Ndege."

"Nitawauliza. Usiende mbali."

Moshi alicheka, akatoka. Kobe aliinama tena juu ya tableti. Kidole chake kilikuwa kinene, kikigusa kimoja kinafungua viwili, na binti alimrekebisha mara kadhaa. Hatimaye Kobe akampisha.

"Nitengenezee chujio jipya," Kobe alisema. "Zote zilizofichwa zirudi. Halafu nataka zenye jina la Mama peke yake, kuanzia siku iliyofuata ile Jumatatu."

Orodha ikajipanga. Kufungua mlango wa nyuma. Kuwasha boila. Kuhesabu mataulo. Siku iliyofuata vilevile. Siku iliyofuata vilevile. Kazi hazikubadilika, ni zile zinazojirudia zenyewe kila kunapokucha, na kila moja ilikuwa imetiwa tiki baada ya kuchelewa, ilipokwisha kugeuka nyekundu. Jumapili hapakuwa na kitu.

"Jumapili Mama hupumzika," binti alisema haraka.

"Jumapili na gari halitoki. Niletee na za Baba. Ziweke ubavuni mwa hizi."

Binti aliziweka. Hakuhitaji kuambiwa atazame nini. Kila asubuhi Baba alikuwa anatia tiki ya kushusha mzigo hospitali kwa jina lake, na papo hapo, kabla dakika haijageuka, Mama naye alikuwa anatia zake. Walitia kwa pamoja kila siku, kama watu wanaokula sahani moja.

Binti aliondoa mkono wake kwenye kiti cha mpelelezi.

"Baba anarudi saa ngapi?" Kobe aliuliza.

"Yuko nje. Anashusha."

Mzee aliingia na furushi begani, akaliweka chini taratibu kama limebeba mayai. Alikuwa mwanamume mkubwa aliyeanza kupwaya ndani ya nguo zake. Alimwona mpelelezi, akamwona binti yake, kisha akaona kilichokuwa mezani. Bila kuulizwa akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa simu mbili. Moja ilikuwa ya zamani, kioo chake kimepasuka pembeni.

"Hii ilikuwa yake, kabla hajanunua mpya," alisema. "App yake bado imo."

"Kwa nini, mzee?" Kobe aliuliza.

"Zilikuwa zinageuka nyekundu."

"Zinageuka nyekundu. Basi?"

"Mke wangu hakuwahi kuacha kazi ikageuka nyekundu, afande. Hata siku aliyojifungua huyu. Naegesha gari pale hospitali, nafungua, naona jina lake na wekundu. Nikawa nazitia tiki. Si kwa ubaya."

Binti alikuwa amejiegemeza ukutani, karibu na ule mkoba.

"Baba, mimi nilikuwa nalala bila kufunga komeo," alisema. "Kila usiku naliacha wazi ili asije akashindwa kuingia. Nilikuwa nakwambia, Mama ametia tiki leo, na wewe unaniitikia."

"Nilitaka kukuambia."

"Ulinitazama usoni ukaniitikia."

Mzee aliziweka simu zote mbili juu ya kaunta. Feni liligeuka, mashuka yakasimama, yakalegea.

Kobe alivua miwani. Hakuwa mtu wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mzee, nikupe habari ilivyo. Mume anayejifanya mke wake yu hai, wenzangu hawatauliza swali la pili. Watakuja na pingu. Kwa hiyo nijibu vizuri. Karibu kazi nyingine zote humu, za miaka yote, chini yake kuna neno nimerudi. Hizi ulizotia wewe kwa jina lake hazina. Uliiga tiki, mbona hukuiga na hilo?"

"Kuandika nimerudi?" Mzee alimtazama kana kwamba ametukanwa. "Hapana. Hilo sikuweza. Huo ungekuwa uongo."

"Na tiki si uongo?"

"Tiki ni kwenda tu."

Kobe alivaa tena miwani, polepole. "Rudia hapo."

Aliyejibu alikuwa binti, na alijibu kwa uchovu, kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi. "Hapa hatutii tiki kazi ikiisha, afande. Tunatia tunapokwenda kuifanya. Zamani watu wawili walitia dawa kwenye pipa moja, kila mmoja akidhani mwenzake hajatia. Mashuka ya hoteli nzima yakatoka matundu kama chandarua. Mama akasema kuanzia leo, tia tiki ndipo uende, mwingine ajue kazi ina mwenyewe. Ukimaliza andika nimerudi. Tena chini kule kuna mvuke na umeme, alitaka kujua kama mtu katoka salama."

"Kwa hiyo kazi yenye tiki na haina nimerudi..."

"Mtu bado yuko huko huko."

Alilisema kabla hajalisikia. Kisha akalisikia, akaweka kiganja mdomoni.

"Mbona hamkuwaambia wenzangu?" Kobe aliuliza.

"Hawakuuliza. Mimi nilidhani kila mahali ndivyo wafanyavyo."

Wenzake walikuwa wametafuta kazi zisizo na tiki, na Mama alikuwa kwenye zile zenye tiki, zile ambazo app huzikunja na kuzificha ili zisimsumbue mtu. Kobe alimsogezea binti tableti.

"Nitengenezee la mwisho. Jumatatu ile peke yake. Watu wote. Zenye tiki, zisizo na nimerudi."

Vidole vya binti havikukosea. Kioo kikawa cheupe, kikasubiri, kisha ikaja mistari miwili tu.

Wa kwanza ulikuwa na jina la Moshi: badilisha mfuniko wa shimo la zamani. Wa pili, uliotiwa tiki baadaye kidogo, ulikuwa na jina la Mama: tazama pampu ya chini, inapiga kelele.

"Shimo la zamani liko wapi?" Kobe aliuliza, ingawa alishaanza kusimama.

"Chini," mzee alisema. "Ubavuni mwa pampu."

Mzee alipiga hatua kuelekea ngazi. Kobe alimzuia kwa kifua chake, bila kumgusa kwa mkono. "Wewe kaa na mwanao. Ukishuka na hasira zako utanipa kesi mbili." Akatoa simu, akazungumza na kituo kwa sauti ya chini: gari, watu wa zimamoto, kamba. Kisha akatoka nje, akamkuta Moshi amechuchumaa juu ya beseni la misumari.

"Twende unionyeshe pampu," alimwambia.

"Pampu ni pampu, afande. Ukiona moja umeziona zote."

"Mimi sijaona hata moja. Nitangulie."

Ngazi zilikuwa za chuma na ziliteleza. Chini taa ilikuwa moja, rangi ya chai hafifu, na mvuke wa mabomba ulining'inia kiunoni. Harufu ya dawa ya kung'arisha ilimpiga Kobe machoni kabla hajafika ngazi ya mwisho. Pampu ilikuwa imekaa pembeni, imetulia. Kando yake mapipa matupu yalikuwa yamepangwa, moja juu ya jingine, kwa unadhifu mkubwa. Mahali pengine pote chumba kilikuwa shaghalabaghala.

"Nani kayapanga haya?"

"Mimi."

"Lini?"

"Sikumbuki. Yalikuwa yanazagaa."

"Yasogeze."

"Mgongo unaniuma, afande."

"Ni matupu, Moshi."

Moshi alilisogeza pipa moja. La pili akalikumbatia, akabaki nalo hivyo hivyo, kidevu juu ya kifuniko chake. Maji yalidondoka mahali fulani, tone moja, halafu jingine.

"Jumatatu ulikuwa juu ya paa," Kobe alisema.

"Ndiyo."

"Basi nani alitia tiki ya mfuniko kwa jina lako?"

"Mimi sina hiyo. Kwenye simu yangu haipo."

"Kwako haipo kwa sababu uliitia tiki. Chujio lako limeificha. Kwa bosi mdogo ipo. Nimetoka kuisoma sasa hivi."

Moshi alitazama juu kwenye dari, kule kaunta ilipokuwa. Ulikuwa uso wa mtu aliyefagia uchafu chini ya mkeka, kisha akaona mwenye nyumba anaukunja mkeka.

"Nilikwenda kuchukua boliti," alisema. "Niliufungua mfuniko wa zamani, umeoza, nikaona boliti mpya nimeziacha ghalani. Nikapanda kuzichukua. Ulikuwa muda wa kuchukua boliti tu, afande. Sikuziba na kitu. Mvuke ulikuwa mwingi, sakafu haionekani. Niliporudi..." Alisita. "Mwanzoni nilidhani ni pampu."

"Ulidhani nini ni pampu?"

"Kelele."

Kobe alisubiri. Hapo ndipo ukobe wake ulipomfaa. Angeweza kusubiri mpaka mvuke uwe maji.

"Alikuwa anaita," Moshi alisema. "Kule chini ni mbali, afande, na hakuna pa kushika. Nikasema nitafute kamba. Halafu nikasema akitoka nimekwisha, mwaka jana alishaniambia kosa moja tena naondoka, na boila hii ndiyo inalisha watoto. Nikasema ngoja nirudishe mfuniko kwanza, nifikiri. Niliurudisha ili nifikiri tu. Nilipomaliza kufikiri kulikuwa kimya."

"Ukaanza kumwaga dawa."

"Baadaye."

"Alikuwa anasema nini alipokuwa anaita?"

Moshi alilikumbatia pipa zaidi. "Alikuwa anamwita mwanawe."

Watu wa zimamoto walifika, wakashuka na kamba na barakoa. Kazi ile haikuchukua muda mrefu kama Kobe alivyoogopa. Mzee alisisitiza awepo, akawepo, akasimama ngazi ya juu ameshika nguzo kwa mikono yote miwili. Walipomtoa, walitafuta cha kumfunikia, na katika nyumba ile cha kufunikia hakikukosekana. Mzee mwenyewe alilishusha shuka kutoka kwenye kamba. Alilikagua pande zote mbili kama lina doa, ndipo akawapa. Moshi alipitishwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyemtukana. Aliinamisha kichwa kana kwamba angependa matusi.

Binti hakuwa ametoka kaunta. Gari lilipoondoka na baba yake ndani, kandokando ya machela, alimwita Kobe kwa kidole.

"Nimesikia wale vijana wa kamba wakisema," alisema. "Kwamba aliita."

"Ndiyo."

"Aliniita mimi?"

Kobe alikuwa na uongo mwingi wa kuchagua, na kazini alikuwa ameutumia mwingi. "Ndiyo," alisema.

"Mimi nilikuwa hapa. Adhuhuri ile nilikuwa nimesimama hapa hapa napokea mapazia ya mteja. Nilikuwa nacheka naye. Sakafu hii ndiyo dari ya kule." Aliigonga kwa kisigino. "Niambie kama ningeweza kusikia."

"Mashine zilikuwa zinafanya kazi?"

"Zote."

"Basi hukuweza."

"Hujui. Unasema tu."

"Sijui," Kobe alikubali.

Binti alitoka nyuma ya kaunta, akaingia ukumbini. Alipita mashine baada ya mashine akiziwasha tupu, bila nguo wala maji. Ngoma zikaanza kuzunguka, vikaushio vikaanza kuunguruma, sakafu ikaingia homa. Alirudi mahali pake, akasimama alivyosimama siku ile, viganja juu ya kaunta. Ilimbidi apaze sauti.

"Nenda chini. Uniite. Usinihurumie, ita kwa nguvu zako zote."

Kobe alishuka. Shimo lilikuwa wazi, limezungushiwa utepe. Alipiga magoti kwenye ukingo, akainamisha kichwa ndani kadiri shingo ile fupi ilivyomruhusu, ili sauti itoke inakotakiwa kutoka. Akaita. Aliita jina la kazini, bosi mdogo, na jina la nyumbani alilolisikia kwa mzee. Aliita "mwanangu", neno ambalo hakuwa na mtu wa kumwita kwalo. Shimo lilimrudishia sauti yake imenenepa, si yake tena, na mara moja alinyamaza ghafla, akageuka kutazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Akaendelea kuita mpaka koo likakwaruza, mpaka polisi aliyeachwa kulinda ngazi akaomba ruhusa ya kwenda nje.

Alipopanda, suruali yake ilikuwa imelowa magotini. Binti alikuwa vilevile, hajasogeza hata kidole. Macho yake yalikuwa sakafuni na kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mlango.

Alimwona Kobe, akakunja uso.

"Mbona umepanda?" alisema. "Nimekungoja muda wote huu. Si nimekuambia uite?"

Kobe alifungua mdomo amjibu, lakini hakuwa amebakiwa na sauti. Binti alilisoma neno midomoni mwake, nimeita, kisha akayaona magoti yake, na taratibu akainua viganja vyake kutoka kwenye kaunta.